Kusimulia ngano upya maana yake nini, na mwandishi chipukizi anaipata wapi hamu hiyo?

Ukimsikia kijana anasema "naandika Cinderella yangu" usikimbilie kumwambia mbona hiyo ishaandikwa. Ndio, ishaandikwa, tena mara nyingi kuliko hata yeye anavyojua, na utamu wenyewe ndo uko hapo. Kusimulia ngano upya ni kuchukua hadithi ya kale ambayo wasomaji wanaijua tayari, ukaitunga tena kwa namna ambayo msomaji anaitambua ila hajui safari hii itamfikisha wapi. Lazima yawepo yote mawili. Asipoitambua basi umetunga stori mpya, hongera, ila si kusimulia upya. Akiitambua na kila kitu kikawa kilekile basi umenakili tu.

Watu wanaichanganya na vitu vingine. Tafsiri inabadili lugha, hadithi inabaki palepale. Ufupisho unapunguza maneno. Alafu kuna zile stori za mashabiki, watu wanawachukua wahusika wa katuni au filamu wanayoipenda wanawaandikia visa vipya, hizo zinafanana sana na hiki tunachosema isipokuwa wahusika wale wana mwenyewe, kuna mtu au kampuni yenye hakimiliki. Ngano haina mwenyewe. Ukichukua binti, majivu na kiatu cha Cinderella hakuna wakili atakayekuandikia barua. Angalizo dogo tu, majina ya wanyama, nyimbo na sura zilizobuniwa kwenye filamu ya ngano hiyo ni mali ya waliotengeneza filamu, kwa hiyo chukua ngano, filamu waachie wenyewe.

Sasa kinachowakwamisha chipukizi wengi ni kile kihofu kwamba kuna "ile ya kweli" iliyokaa mahali fulani na wewe unaiharibu. Hebu tuifuate hiyo Cinderella kidogo. Karne ya 9 huko China, Duan Chengshi aliandika kisa cha msichana anaitwa Ye Xian, anateswa na mama wa kambo, rafiki yake ni samaki, samaki anauawa, mifupa yake ndo inampa nguo na viatu vya dhahabu, kiatu kimoja kinapotea, mfalme anamtafuta mwenye kiatu. Miaka ya 1634 hadi 1636 huko Napoli kikachapwa kitabu cha Giambattista Basile, ndani yake kuna binti anaitwa Zezolla, na huyu Zezolla si mpole hata kidogo, anamwambia mama wa kambo ainame kwenye sanduku la nguo alafu anamshushia kifuniko shingoni, anakufa! Na aliyemshauri afanye hivyo, mwalimu wake, anaolewa na baba yake na kugeuka mama wa kambo mbaya kuliko yule wa kwanza. Mwaka 1697 Charles Perrault huko Ufaransa akaiandika, na kwake ndo tunakuta boga linalogeuka gari, mlezi mwenye uchawi na kiatu cha kioo. Ukienda kwa ndugu Grimm, wale wakusanyaji wa ngano wa Ujerumani, mwaka 1812, boga hakuna, mlezi hakuna, kuna mti uliomea juu ya kaburi la mama yake na ndege wanaoshuka kumsaidia.

Ipi ya kweli? Zote. Au hakuna. Kila mmoja kati ya hao alikuwa anasimulia upya, ni vile tu wakati huo hakuna aliyeona haja ya kuipa jina.

Na hao Grimm tunaowachora kama wazee wenye ndevu, kitabu chao cha kwanza kinatoka Jacob ana miaka 27 na Wilhelm 26. Yaani vijana kabisa. Wengi waliowasimulia hadithi hizo walikuwa mabinti wa familia walizofahamiana nazo, watu waliosoma, si bibi kizee wa kijijini kama wengi tunavyodhani. Alafu hawakuziacha jinsi zilivyo, wamezikwangua na kuzipaka rangi upya toleo hadi toleo mpaka lile la mwisho la 1857. Kwenye toleo la 1812 anayetaka kumuua Binti Theluji (Snow White) ni mama yake mzazi. Ilipofika 1819 wakaona hapana, mama mzazi hawezi, wakamgeuza mama wa kambo. Fikiria uzito wa hilo badiliko moja, watoto wangapi wamekua wanaogopa mama wa kambo kwa sababu mhariri mmoja aliona aibu kumwacha mama mzazi awe muuaji. Hata binti wa yule mfalme chura, kwa Grimm habusu chura popote, anamshika anamtupa ukutani kwa hasira na hapo ndo chura anageuka mwana wa mfalme. Busu limekuja baadaye kwa wasimulizi wengine.

Haya, tuje kwenye hamu yenyewe, inatoka wapi. Ukimuuliza mwandishi kijana atakwambia "nimezipenda ngano toka utotoni" na ni kweli ila haitoshi, maana wengi tumezipenda na hatujaandika hata ukurasa. Mimi naona mara nyingi chanzo ni ugomvi. Kuna mahali kwenye hadithi ulipokuwa mdogo ulikwama, ukauliza, ukajibiwa "ndivyo ilivyo, lala", ukalala lakini swali halikulala.

Chukua hii. Kwenye ile ya Grimm, dada wa kambo mkubwa anaingia chumbani kujaribu kiatu, kidole gumba hakiingii, mama yake anampa kisu anamwambia kata, ukishakuwa malkia hutahitaji tena kutembea kwa miguu. Anakata. Anausokomeza mguu ndani, anauma meno, anatoka anapandishwa farasi na mwana wa mfalme, wanaondoka mpaka wanapita kwenye ule mti na njiwa wawili wanaimba kwamba kiatu kina damu. Anarudishwa nyumbani kama mzigo uliokosewa anuani, anaitwa mdogo wake, naye anakata kisigino. Wasomaji wengi hapo wanasubiri tu zamu ya Cinderella ifike. Ila kuna mtoto mmoja anabaki chumbani na yule dada. Anajiuliza nani alifuta ile damu sakafuni, mama alimshika mkono wakati anakata au aligeukia dirishani, na miaka kumi baadaye huyu dada anatembeaje, anavaa viatu gani, akiona njiwa anafanya nini. Huyo mtoto ndo atakuja kuandika. Hajavutiwa na uzuri wa hadithi, amevutiwa na mtu ambaye hadithi ilimalizana naye haraka mno.

Waandishi wanaojulikana ukiwaangalia unakuta kitu kama hicho. Angela Carter wa Uingereza alitafsiri ngano za Perrault zikatoka 1977, alafu 1979 akatoa mkusanyiko wake, The Bloody Chamber. Nadhani ukitafsiri unalazimika kukaa na kila neno, huwezi kuruka, kwa hiyo unaziona nyufa zote. Kwenye ngano ya yule mume mwenye ndevu za bluu anayeua wake zake, Perrault analeta kaka wawili wa binti dakika ya mwisho wamwokoe. Carter anamleta mama, juu ya farasi, na bastola mkononi. Mtu mmoja tu kabadilishwa na hadithi yote inaegemea upande mwingine, sababu ghafla unakumbuka kwamba kwenye hizi ngano mama mzazi huwa ama amekufa ama hana la kusema.

Robin McKinley naye, kitabu chake cha kwanza kabisa ni Beauty, 1978, anasimulia ile ya Mrembo na Mnyama. Ngano hiyo yenyewe ilitungwa ndefu na Madame de Villeneuve mwaka 1740, ikafupishwa na Madame de Beaumont 1756 na ufupisho ndo ukawa maarufu. McKinley alichofanya, huyo binti anayeitwa Mrembo yeye mwenyewe hajioni mrembo, jina ni la utani lililomng'ang'ania tangu utotoni. Basi, kamwasho kadogo hivyo ndo kamebeba kitabu kizima. Na kinachonifurahisha zaidi, karibu miaka 20 baadaye, 1997, akarudi kwenye ngano ileile akaandika kitabu kingine, na safari hii mnyama anabaki mnyama mpaka mwisho. Kwa hiyo ukimaliza kusimulia upya haimaanishi umemaliza, swali la ulipokuwa na miaka 20 si swali la ukiwa na 40.

Marissa Meyer wa Marekani njia yake ilikuwa tofauti kidogo, alianza kwa kuandika stori za mashabiki za Sailor Moon, katuni ya Kijapani, mazoezi ya miaka hayo, ukizoea kucheza na wahusika wa mtu mwingine mkono unakuwa mwepesi. Riwaya yake ya Cinder ikatoka 2012, Cinderella wa miaka ijayo, nusu mtu nusu mashine, fundi, na badala ya kupoteza kiatu anapoteza mguu wenyewe wa chuma. Naipenda hii kwa sababu haikuishia kwenye kubadilisha mandhari tu. Wengi wanadhani ukimpeleka Kofia Nyekundu, yule binti anayekutana na mbwamwitu, angani au ukampa simu ushasimulia upya. Hapana, hapo umembadilishia nguo tu. Mguu wa chuma unageuza maana, kiatu kilikuwa kipimo cha nani anafaa, sasa mwili wenyewe ndo unapimwa na kuonekana haufai.

Nami nilishawahi kukosea, nikiwa na miaka 16 niliandika ile ya Kofia Nyekundu kwa upande wa mbwamwitu. Nikajiona mjanja kweli. Mbwamwitu akawa mwema anayesingiziwa na bibi akawa mchawi, basi, kurasa 11 za kugeuza shati ndani nje, shati lilelile. Rafiki yangu alisoma akaniuliza "kwani wewe uligombana na nini kwenye hii hadithi?" sikuwa na jibu maana sikuwa nimegombana na kitu, nilitaka tu kushangaza watu. Baadaye ndo nikaja kujua kwamba kwa Perrault yule binti analiwa na hadithi inaishia hapohapo, hakuna mwindaji wa kumtoa tumboni. Hapo sasa ndo nikapata ugomvi.

Ndo maana ushauri pekee ambao huwa natoa ni tafuta vesheni za zamani. Wasomi wa ngano wana orodha ya namba, aliianza Antti Aarne wa Finland mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson, na Hans-Jörg Uther akaipanga upya 2004, kwa hiyo inaitwa ATU kwa herufi za majina yao. Cinderella ni 510A, Kofia Nyekundu ni 333. Ukiijua namba ya hadithi yako unaweza kuwatafuta ndugu zake wa nchi nyingine, na ndugu wakikaa pamoja ndo unaona kila msimulizi kagusa wapi.

Mfano paka mwenye buti, namba 545B. Kwa Perrault kijana maskini anarithi paka, paka anadanganya kila mtu mpaka kijana anaoa binti wa mfalme, na mwisho paka anakuwa bwana mkubwa, anakamata panya kwa kujifurahisha tu. Sasa weka pembeni kisa cha Sultani Darai alichokiandika Edward Steere Zanzibar na kukichapisha London mwaka 1870. Mifupa ni ileile ila paka ni paa. Maskini anachakura jaani, anapata kijisenti, ananunua paa, paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani mmoja kama zawadi ya bwana wake, ambaye anamtaja kwa uongo kuwa ni Sultani Darai, anamwozesha binti wa sultani huyo, anaua joka lenye vichwa saba, anampatia bwana wake jumba la joka. Alafu paa anaugua. Na yule bwana, ambaye jana alikuwa anachakura takataka, anaamuru apewe uji wa mtama, chakula cha kumdharau. Paa anakufa. Usiku bwana anaota yuko jaani anachakura, anaamka na kweli yuko jaani.

Mke wake naye anaota yuko kwa baba yake, anaamka yuko kwa baba yake. Sentensi yake inaishia hapo. Huyu ndo aliyemhurumia paa wakati mumewe anamtupa, hakudanganya mtu, hakuomba kuolewa na sultani wa uongo, na hadithi inamrudisha nyumbani kama kikombe kilichoazimwa. Nimejaribu kuanza kumwandika mara mbili. Mara zote mbili naanza asubuhi ile, hajafumbua macho bado, anapapasa mto anakuta si wa kwake, na kwa mbali anasikia sauti ya baba yake anauliza mlango umefunguliwa na nani.