Je, Wajua? Oksijeni Unayoivuta Huishia Kuwa Maji

Hamali anayeshusha saruji jahazini na kuwapakia punda pale gatini Lamu huhema sana, na wengi huamini kwamba oksijeni anayoivuta ndiyo anayoitoa ikiwa kabonidayoksaidi. Sivyo. Oksijeni hiyo hugeuka maji, na hatua tatu za upumuaji wa seli, yaani jinsi seli inavyopata nishati kutoka kwenye chakula, zinaonyesha inavyokuwa.

Ya kwanza, glikolisisi, haitaki oksijeni kabisa. Nje ya mitokondria, vile vyumba vidogo vya nishati ndani ya seli, glukosi (sukari) yenye kaboni 6 hukatwa kuwa molekuli mbili za piruveti, zenye kaboni 3 kila moja, na seli hupata faida ya ATP 2, yaani molekuli zinazobeba nishati ya seli. Ni kidogo, lakini hupatikana upesi, ndiyo maana misuli inayobanwa na mzigo huikimbilia na kuacha lakteti. Hamira nayo, hewa ikiisha ndani ya unga wa mahamri, huishi kwa njia hiyo hiyo, ila yenyewe hutoa alkoholi na gesi inayouumua unga.

Katika hatua ya pili, piruveti ikiingia mitokondria, kaboni zote huondolewa: 2 mlangoni, 4 katika mzunguko ulioelezwa na mwanabiokemia Hans Krebs mwaka 1937. Kabonidayoksaidi tunayoitoa puani huzaliwa hapa, na oksijeni iliyomo imetoka katika chakula na maji. Mzunguko wenyewe hutoa ATP 2 tu. Utajiri wake ni elektroni, zinazochukuliwa na wabebaji kama NADH.

Hatua ya tatu ndiyo inayonistaajabisha zaidi. Katika utando wa ndani wa mitokondria, elektroni hupokezanwa na protini, na nishati yake husukuma protoni upande wa pili. Protoni hurudi kwa nguvu kupitia kimeng'enya kinachozunguka kama gurudumu, na ATP zipatazo 26 hadi 28 hutengenezwa. Mwanabiokemia Peter Mitchell alipolieleza wazo hili mwaka 1961, wengi walimkatalia. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel.

Oksijeni husubiri mwisho kabisa. Huzipokea elektroni zilizochoka, hushikana na hidrojeni, yakawa maji. Isipokuwapo, mnyororo huo wa protini husimama, wabebaji hawapakuliwi, na mzunguko wa Krebs nao hukwama ingawa hautumii oksijeni moja kwa moja.

Sianidi itokayo katika muhogo mchungu huziba hapo hapo, kwenye protini ya mwisho. Mtu aweza kufa huku damu yake imejaa oksijeni, kwa kuwa seli haziwezi kuitumia. Ndiyo maana muhogo huo hulowekwa na kuanikwa kabla ya kuliwa.