Wekundu wa Nyanya Si Kicheko

Jumamosi iliyopita nimelisikia tena. Nilikuwa na wanafunzi wangu sita kwenye maonyesho hapa mjini, tumesimama mbele ya picha ya soko. Kabla sijafungua mdomo, bwana mmoja aliyekuwa kando yetu akasema kwa upole kabisa, "Rangi hizi jamani, furaha tupu ya Kiafrika." Wawili kati ya wanafunzi wangu wakatikisa kichwa kukubali. Na kibandiko cha ukutani kilisema lile lile kwa maneno marefu zaidi, eti kazi hii inasherehekea uchangamfu wa soko la kitamaduni. Yule bwana sina ugomvi naye. Aliyeandika kibandiko ninao.

Imekuwa kama muhuri. Mtu akiona nyekundu, njano na kijani mahali pamoja, anapiga muhuri wa "furaha" na kwenda zake. Picha ya soko ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu sote tunadhani soko tunalijua. Tumetumwa huko tangu utotoni. Tunaitambua nyanya, tunautambua mwavuli, tunamtambua mama aliyekaa, basi tunaona tumemaliza. Kutambua huchukua nukta moja. Mimi huwataka wanafunzi wakae robo saa, na wasisome kibandiko hadi mwisho.

Picha yenyewe ni ya akriliki kwenye kanvasi, kama sentimita 100 kwa 70, imelala. Mama amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, kushoto kidogo ya katikati, leso kiunoni. Mbele yake gunia limetandazwa, na juu ya gunia mafungu ya nyanya, tano tano, nne chini na moja juu. Nyuma yake vifungu vya sukuma wiki. Juu yake mwavuli mkubwa wa vipande vyekundu na vya njano. Mbali zaidi kuna umati uliopigwa kwa kisu cha rangi, kila mtu vipigo viwili au vitatu. Ukingo wa kushoto umekata mkokoteni. Kutoka kulia unaingia mkono wa mnunuzi, hatumwoni mwenyewe. Na kwenye kona ya chini kulia kuna karai la bati, tupu.

Hayo ni yaliyomo tu. Hapo hatujachambua kitu.

Nikawaambia watoe simu, waipige picha ile, kisha waiondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Fanyeni hivyo hata nyinyi mnaosoma, kwa picha yoyote mliyo nayo nyumbani. Zamani tulikuwa tunafinya macho tu hadi rangi zififie, na bado nafinya, lakini simu haibishani na mtu. Ile picha ilipopoteza rangi, nyanya zilizama. Wekundu wa nyanya na ukijani wa sukuma wiki vilikuwa na toni moja, kijivu kimoja kilichotanda katikati ya picha kama shuka. Mwavuli uliokuwa unapiga kelele ukanyamaza. Vitu viwili tu vilibaki vinang'aa: lile karai tupu, na ule mkono unaoingia kutoka kulia. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, hii ni picha nyingine." Hapana, ni ile ile. Mchoraji amejenga picha mbili kwenye kanvasi moja. Ya kwanza ni ya rangi, nayo inatuita kwenye mboga. Ya pili ni ya mwanga na giza, nayo inatupeleka kwenye karai lisilo na kitu na mkono ambao bado haujaamua.

Hapa ndipo ninapochoshwa na muhuri wa furaha. Unatufunga kwenye ile picha ya kwanza.

Halafu tuulize, kwani nyekundu ya nyanya inafanya kazi gani pale? Mwaka 1839 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa utiaji rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris, alichapisha kitabu kuhusu rangi zinavyobadilishana zikikaa jirani. Watu walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akagundua kwamba rangi ya nyuzi haina kasoro; ni rangi zilizokuwa kando yake zilizozifanya zionekane hivyo. Nyekundu ikiwekwa kando ya kijani, kila moja huonekana kali kuliko ikiwa peke yake. Wachoraji wengi wamesoma kwake.

Lakini nenda Marikiti, soko la jumla la mboga na matunda hapa Nairobi, au simama kwa mama mboga yeyote wa mtaani kwenu, utazame anavyopanga. Anafuta nyanya kwa kitambaa moja moja. Iliyoiva vizuri anaiweka juu, uso wake uking'aa, ile yenye doa inageuzwa ndani. Anachomeka dania au sukuma wiki kando ya wekundu. Ananyunyiza maji. Akiwa na mwavuli mwekundu, nyanya zilizo chini yake zinapata wekundu wa bure, na anajua hivyo. Sheria ya Chevreul anaitumia kila asubuhi akiwa hajalala vya kutosha, maana mzigo wa Marikiti hushushwa usiku, na anayetaka bei nzuri hafiki jua likiwa limetoka. Kizuri chajiuza, ndiyo, ila kuna mtu aliyeamka saa tisa usiku kukifanya kizuri. Rangi ya soko ni kazi. Inapangwa ili ikunase wewe unayepita. Sasa mchoraji akiipanga tena kwenye kanvasi, amepanga juu ya mpango wa mwingine, na sisi tunasema mama ana furaha!

Na jambo lingine la vifaa. Rangi kali mara nyingi ni kali kwa sababu ndizo zilizopatikana. Mchoraji wa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya enameli, ya kung'aa, ya dukani, juu ya mbao bapa za kiwandani. Mng'ao ule, watu wameuimba kama roho ya Afrika, ulitoka kwenye kopo. Sisemi alichagua ovyo. Mtu aliyezipanga vile alikuwa na jicho. Nasema tu kwamba kabla hujamtafsiri mtu moyo, uliza alikuwa na rangi gani mkononi.

Tuje kwenye mwanga, nami hapa nitakaa.

Mwavuli ule ni mwekundu na njano. Jua likipita kwenye kitambaa kama hicho, kila kilicho chini yake hupata joto la rangi hiyo. Simama chini ya mwavuli mwekundu mchana uangalie mikono yako. Kwa hiyo uso wa yule mama, kwenye shavu, kwenye paji, ulipaswa kuwa na wekundu au uchungwa. Nenda karibu sasa, karibu mpaka mlinzi akukohoe. Shavu limepakwa kahawia iliyochanganywa na buluu. Ukingo wa taya haupo. Uso umeyeyuka kwenye kivuli cha nyuma, huwezi kusema shingo inaanzia wapi. Shingoni kuna kipigo kimoja cha buluu kilicho karibu safi, kama upana wa ukucha wa kidole gumba, na akriliki imekauka na ukingo wake umeinuka kidogo. Kila kitu kinachouzwa kinawaka. Anayeuza amewekwa ndani ya shimo la baridi, na rangi zote za joto zimemzunguka bila kumgusa.

Sasa vivuli vyenyewe. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini ya Ikweta. Saa sita mchana jua linakaribia utosi, hasa Machi na Septemba, na vivuli vinajikunja chini ya miguu. Kwenye picha hii kivuli cha mkokoteni ni kirefu, kimelala kuelekea kulia. Basi si mchana. Ni asubuhi mapema au jioni. Na kwa kuwa karai ni tupu na mafungu ya nyanya bado yamejaa, naamini ni jioni: karai tupu ni la kubebea bidhaa kurudi nyumbani zisiponunuliwa. Mwanafunzi mmoja alinipinga. Alisema ni asubuhi, karai limemwagwa sasa hivi, ndiyo kwanza mama anaanza siku. Sikuweza kumshinda. Kivuli peke yake hakisemi kama jua linachomoza au linazama, na mchoraji hakutuachia kitu kingine cha kukata shauri. Vitabu vya kufundishia huwa havikubali hali kama hii. Hutaka jibu moja chini ya picha. Mimi nimekuja kuona kwamba picha hii inabeba saa mbili kwa pamoja, na kila unapobadilisha saa, ile buluu ya shingoni inabadilika pia. Asubuhi ni baridi ya alfajiri. Jioni ni uchovu.

Niseme pia jambo linalonisumbua mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimsifu mchoraji mmoja kwa kivuli cha buluu, nikakijengea hoja ndefu mbele ya darasa zima, naye amekaa palepale. Baadaye akaniambia kahawia ilikuwa imemwishia siku hiyo. Nilikwenda nyumbani nimenyong'onyea. Tangu hapo kila nikisema "mchoraji ameamua" nasikia sauti yake. Je, hii buluu ya shingoni ni uamuzi, au ni kopo lililokauka? Siwezi kuapa. Lakini nilirudi kutazama ile kazi yake ya zamani, na buluu ilikuwa bado inafanya nilichosema inafanya. Alikuwa na kijani pia mezani, na nyeusi. Akachukua buluu. Na alipoiona imekaa, hakuifuta. Kuacha nako ni kuchagua, ingawa nakubali hoja hii haina nguvu kama ninavyotaka iwe nayo.

Haraka haraka, mengine.

Mama hana macho wala mdomo. Watu husema mchoraji hajui kuchora nyuso, au wanasema ni "kupotea kwa utambulisho". Yote mawili yamesemwa bila kutazama. Tazama umati wa nyuma: nao hauna nyuso, kwa hiyo ni namna ya kufanya kazi picha nzima. Picha nyingi za soko zinazouzwa kwa watalii hapa mjini zina wanawake wasio na nyuso kwa sababu fomula hiyo ni ya haraka na inauzika. Hii ina fomula hiyo ndani yake, sitaificha, na vipigo vya umati ni vya mazoea. Mkono ulifikiriwa, umati haukufikiriwa.

Jina la leso, yaani msemo ulioandikwa juu yake, halisomeki. Pindo lipo, mji, ile sehemu ya katikati, upo, na mahali pa jina kuna mistari tu inayofanana na maandishi. Acheni kulisoma kwa nguvu.

Mstari wa upeo, lakini, msiupite. Vichwa vya watu waliosimama nyuma vyote vimelingana kwenye mstari mmoja, walio karibu na walio mbali. Maana yake jicho letu liko kwenye kimo hicho: tumesimama. Mama yuko chini, magotini petu. Mchoraji angeweza kutukalisha naye kwenye kreti, na upeo ungeshuka hadi kwenye paji lake la uso, na umati ungepanda juu yetu. Hakufanya hivyo. Ametuweka tulipo tukienda kununua, tumeinama kidogo, tunachagua. Ule mkono unaoingia kulia unatoka upande wetu.

Mila ya kuficha jambo kwenye picha ya soko ni kongwe. Pieter Aertsen, mchoraji wa Antwerp, alichora kibanda cha nyama mwaka 1551: kichwa cha ng'ombe, soseji, kwato za nguruwe, samaki, vyote vimesukumwa mbele hadi karibu vikuangukie. Nyuma kabisa, kwenye uwazi mdogo, Maria yuko juu ya punda akikimbilia Misri, naye anageuka kumpa mtoto maskini mkate. Mtu anaweza kupita hapo akaona nyama tu. Huwa nawaonyesha wanafunzi nakala yake kabla sijawapeleka kwenye picha yoyote ya soko, kusudi wajifunze kuacha bidhaa za mbele na kuuliza kilichosukumwa pembeni.

Jumanne nilirudi peke yangu, asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ule mkono. Umepakwa kwa brashi bapa, vipigo vinne, kidole gumba kimoja na vingine vitatu vimeungana. Kati ya gumba na vidole kuna tone la njano iliyochanganywa na kahawia, limeinuka kutoka kwenye kanvasi kama punje ya mtama. Niliamini ni sarafu. Nikainama, nikatazama kwa pembeni mwanga ukipita juu yake, nikaona kuna wekundu kidogo umefunikwa chini ya njano ile. Inawezekana ilikuwa nyanya kwanza, akaigeuza kuwa pesa.

Nimewaambia wanafunzi tutarudi Jumamosi hii, na kila mmoja aje na jibu lake kuhusu tone hilo.