Mkutubi mmoja, maktaba nzima

Vijana wanaomaliza masomo ya ukutubi wakiniuliza waombe kazi wapi, huwaambia wasivipite vyuo vidogo vya huku Nyanda za Juu Kusini. Kazi ni nzito, lakini utaijua yote.

Maktaba kubwa ina mtu wa kuagiza vitabu, wa kuainisha, wa kuazimisha, na fundi wa kompyuta. Kwenye chuo chetu wilayani Rungwe, wote hao ni mimi. Nikienda likizo, anakaa mtu wa ofisi nyingine ambaye hajafundishwa kwamba, katika namba za Dewey tunazopangia vitabu kwa mada, 610 ni tiba na 630 ni kilimo. Vitabu vinarudi rafuni kwa kufuata ukubwa. Katalogi inasema kitabu kipo, mwanafunzi anatafuta mpaka anakata tamaa. Wengi hulalamikia bajeti. Mimi naona kukosa mtu wa pili kunaumiza zaidi.

Halafu kuna unyevu. Rungwe mvua ni nyingi, na rafu ikigusana na ukuta, kuvu huanzia nyuma ya vitabu vya chini, pale ambapo macho hayafiki. Utaanza kusikia harufu kabla hujaona madoa. Vuta rafu ziache nafasi ya hewa, fungua madirisha siku za jua. Kitabu chenye kuvu kitenge na vingine, kikaushe kabisa, kisha kipanguse nje kwa brashi laini ukiwa umevaa barakoa. Ukikipangusa kikiwa kibichi, unaipaka kuvu kwenye kurasa.

Faida yake ni kwamba wasomaji unawajua. Binti akiingia na kusema, “Mama, kile cha fiziolojia kimerudi?”, najua nakala ipi, nani anayo, na kwamba ana mtihani wiki ijayo. Mkufunzi akibadili mada, nasikia mapema na kuagiza kinachohitajika, si kile ambacho muuzaji anataka kukiondoa ghalani.

Na kwa makala za utafiti, udogo si kikwazo tena. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wanaendesha HINARI, mpango wa kusoma majarida ya afya mtandaoni; 2003 ikafuata AGORA ya kilimo. Leo zote zimo ndani ya Research4Life, mwavuli wa mipango ya aina hii, na taasisi za Tanzania zinazostahili husajiliwa bila malipo. Mwanafunzi wa Tukuyu anaweza kufungua jarida ambalo chuo chake kisingeweza kulilipia. Tatizo ni kwamba nywila mara nyingi anayo mkutubi peke yake. Akihama, mlango umefungwa. Koha nayo, programu huria ya maktaba iliyozaliwa New Zealand, haina ada ya leseni, ila inadai mtu wa kuitunza na kuhifadhi nakala rudufu.

Kwa hiyo fungua daftari la makabidhiano mwezi wako wa kwanza kazini, na nywila ziwe pia kwa mkuu wa chuo. Kisha omba msaidizi kwa maandishi, kila bajeti inapoandaliwa, hata awe wa nusu siku.