Fleti 200 si magari 400 saa moja asubuhi

Hesabu ile ile imerudi tena: jengo jipya lina fleti 200, kila fleti ina magari mawili, basi kila asubuhi magari 400 yatamwagika mtaani kwa mpigo. Nimechoka kuijibu mmoja mmoja, kwa hiyo naijibu hapa, na nitawaudhi wanaolipinga jengo na wanaolijenga.

Hakuna jengo linalotoa magari namna hiyo. Mmoja anaondoka saa 11 alfajiri, mwingine saa 3, mwingine anafanyia kazi nyumbani, na gari la mwingine linashinda limeegeshwa hadi Jumamosi. Ukisimama langoni ukahesabu, jengo la ghorofa za kati kwenye viunga vya mji hutoa takriban safari 0.4 kwa kila fleti katika ile saa moja ya asubuhi yenye magari mengi kuliko zote, wanaotoka na wanaoingia wakijumlishwa. Nyumba ya familia moja inayojitegemea hutoa karibu 0.7. Viwango hivi vimo katika mwongozo wa ITE, taasisi ya wahandisi wa usafiri ya Marekani, na wengi wetu tunaoandika ripoti za magari ya majengo mapya tunaanzia hapo. Kwa fleti 200 unapata safari 80, na kati ya hizo kama 62 ni za kutoka. Gari moja kwa dakika, basi.

Hapa ndipo mwenye mradi huanza kutabasamu. Asitabasamu bado.

Gari moja kwa dakika si kitu barabarani, lakini foleni haizaliwi barabarani. Inazaliwa kwenye makutano, na makutano hayajali jengo lina fleti ngapi. Yanajali magari mangapi yanaongezeka kwenye njia ipi, na njia hiyo ilikuwa imebakiza nafasi kiasi gani. Kwa hiyo mtu akiniuliza "fleti 200 ni nyingi mno?" sina jibu. Nionyeshe taa.

Tuchukue njia moja kwenye taa. Mzunguko wa taa ni sekunde 100, kijani sekunde 30 kamili za kupitisha magari. Magari yakishachanganya mwendo hupita moja kila sekunde 2, yaani 15 kwa kijani kimoja. Saa moja ina mizunguko 36, kwa hiyo uwezo wa njia hiyo ni magari 540 kwa saa, na huo ndio mwisho wake, hata madereva wapige honi kiasi gani. Sasa tuseme kati ya yale magari 62 yanayotoka, 37 yanaelekea upande huu. Hiyo ni gari moja tu kwa kila mzunguko wa taa. Kama njia ilikuwa na magari 400, sasa ina 437, na hakuna atakayegundua. Kama ilikuwa na 513, sasa ina 550, na umeshazidi uwezo kwa magari 10. Jengo ni lile lile, lango ni lile lile.

Magari 10 ni foleni ya mita 70 tu, ukikadiria mita 7 kwa gari. Mbona wakazi wanapiga kelele kiasi hicho? Kwa sababu hesabu ya saa nzima inadanganya, na hili ndilo linalonikera kuliko yote kwenye ripoti zetu.

Watu hawatoki sawasawa kwa saa nzima. Shule zinafungua mageti kwa wakati mmoja, kazi zinaanza kwa wakati mmoja, na kuna robo saa inayobeba mzigo wa kupindukia. Kuna namba ya kupima jambo hili: magari ya saa nzima, gawanya kwa mara nne ya magari ya robo saa iliyojaa zaidi. Namba ikiwa 1, mtiririko ni sawa muda wote. Karibu na shule 0.85 ni jambo la kawaida, na huweza kushuka chini ya hapo. Sasa rudia mfano wetu kwa 0.85. Kabla ya jengo, robo saa iliyojaa inaleta magari 151, na njia inaweza kupitisha 135. Yanabaki 16. Robo zinazofuata zinaleta 121 kila moja, kwa hiyo zina nafasi ya ziada ya magari 14, na foleni inakwisha kwa kama dakika 17. Usumbufu, lakini unavumilika.

Baada ya jengo, robo ile inaleta magari 162. Yanabaki 27. Robo zinazofuata zinaleta 129, nafasi ya ziada ni magari 6 tu. Gawanya 27 kwa 6. Foleni iliyokuwa ikiisha kwa dakika 17 sasa inahitaji zaidi ya saa nzima, kama magari hayatapungua kabla. Umeongeza asilimia 7 ya magari, umeongeza muda wa foleni karibu mara nne.

Ndiyo maana mkazi anayesema "tangu wajenge, hapapitiki" mara nyingi anasema kweli, ingawa hesabu yake ya magari 400 ni upuuzi. Na mhandisi anayemjibu "ni gari moja kwa dakika" ana hesabu sahihi na jibu la kipuuzi. Ukishavuka kama asilimia 85 hadi 90 ya uwezo, ucheleweshaji hauongezeki hatua kwa hatua. Unapaa.

Jambo la pili la kukera: ucheleweshaji wa wastani. Makutano hupewa daraja A hadi F kwa wastani wa sekunde anazosubiri dereva. Penye taa, D ni zaidi ya sekunde 35 hadi 55, na F ni zaidi ya 80. Ripoti inaandika "makutano yatabaki daraja D", kila mtu anapumua. Lakini huo ni wastani wa pande zote nne. Barabara kuu yenye magari mengi inayopita kwa sekunde 20 inaweza kuufunika upande wa mtaa wenu unaosubiri dakika 2. Dai jedwali la kila upande na kila njia, hasa wanaokata kona kuvuka magari yanayokuja. Mkipewa wastani peke yake, rudisheni ripoti.

Na kabla hujaamini namba ya magari "yaliyopo", uliza ilihesabiwa wapi. Mhesabuji akikaa kwenye mstari ambapo magari husimama penye taa na kuhesabu yanayovuka, panapokuwa na foleni hahesabu mahitaji, anahesabu uwezo wa taa. Njia inayopitisha 540 itaonyesha 540 hata kama kuna 700 yanayotaka kupita. Nimeona ripoti zenye namba za kupendeza kwa sababu hii tu. Lazima foleni ihesabiwe mwanzo na mwisho wa kila robo saa: mahitaji ni yaliyovuka, jumlisha foleni ya mwisho, toa foleni ya mwanzo. Kazi hii wakazi wanaiweza bila kifaa chochote. Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa wazi, mvua isiwepo, mtu mmoja kwa kila upande, karatasi imegawanywa kwa dakika 15 na kwa kona: kushoto, moja kwa moja, kulia. Anzeni kabla foleni haijaanza na msiondoke mpaka iishe. Siku moja haitoshi, fanyeni tatu.

Lango. Lisiwekwe pale ambapo foleni ya taa hufika, maana anayetaka kutoka atazibwa, na anayetaka kuingia kwa kukata njia atasimama katikati na kuziba kila mtu nyuma yake. Pimeni foleni ndefu zaidi, lango liwe nyuma ya mkia wake, mbali zaidi na taa. Na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, anayekuja aone gari langoni kutoka mita 65 angalau. Ukuta na maua ya mapambo ndivyo huharibu hili.

"Waongeze njia basi." Njia ya ziada ya mita 60 kwa wanaokata kona, sawa, mara nyingi hiyo ndiyo dawa. Kupanua barabara nzima ili ikafikie makutano yale yale yaliyojaa ni kununua maegesho marefu. Kurekebisha kijani kwa sekunde 5 kunaongeza magari 2 hadi 3 kwa kila mzunguko, yaani 90 kwa saa, zaidi ya jengo zima linavyodai. Lakini sekunde hizo zinatoka kwa upande mwingine, na huko nako kuna wakazi.

Sasa nikiri yale tusiyoyapigia mstari. Ile 0.4 ni wastani wa majengo yanayotofautiana sana. Jengo lenu likitoa 0.25 au 0.6 sitashangaa. Basi likipita karibu inashuka, wapangaji wakiwa familia zenye watoto wa shule inapanda. Mgawanyo wa magari, 37 upande huu na 25 ule, mara nyingi ni makadirio yaliyovalishwa suti. Halafu kuna ukuaji wa kawaida wa magari, ambao hukadiriwa, tuseme asilimia 2 kwa mwaka. Kwa miaka 5 hiyo ni zaidi ya asilimia 10: zile 513 zinakuwa 566 bila hata tofali moja kuwekwa. Makadirio hayo peke yake yanaongeza magari 53, jengo linaongeza 37. Mshauri mjanja huyatumia kusema makutano yangejaa vyovyote vile, kwa hiyo mteja wake asidaiwe senti. Mulizeni asilimia 2 kaitoa wapi, na kama hesabu za miaka iliyopita kwenye makutano hayo hayo zinaiunga mkono.

Malori ya ujenzi nayaongezea mwishoni kwa sababu hakuna anayeyauliza. Uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ekseli yenye uzito mara 10 huumiza kama mara 10,000. Magari yote ya fleti 200 hayawezi kuifanyia lami yenu walichofanya wabeba zege kwa miezi michache. Pigeni picha za barabara kabla msingi haujachimbwa, zenye tarehe, na njia ya malori iandikwe kwenye masharti ya kibali.