ip_hash haimjui mteja wako

API (mlango ambao programu ya simu hutumia kuzungumza na seva) iko kwenye seva tatu, watu wa Goma wanalalamika kwamba programu inawatoa nje kila mara, na jibu ni lilelile: «Weka ip_hash, kila mteja atarudi kwenye seva yake.» Hatarudi. ip_hash ni mpangilio wa nginx, programu inayogawa maombi kati ya seva, na inajua anwani ya mtandao tu, tena nusunusu: kwa IPv4 (anwani za mafungu manne), nginx husoma tarakimu za mafungu matatu ya kwanza. Mwenye 203.0.113.5 na mwenye 203.0.113.200, kwake ni mtu mmoja.

Sasa shika simu ya hapa kwetu. Ina laini mbili. Mega za ya kwanza zikiisha, mtu anahamia ya pili: anwani mpya. Akisogea mpakani, simu inaweza kudaka rezo ya Gisenyi, upande wa Rwanda: anwani nyingine tena. Sesheni yake (rekodi kwamba ameshaingia) imebaki kwenye kumbukumbu ya seva A, yeye katua C, anapigwa 401, yaani «sikutambui». Na upande wa pili, kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwa anwani moja, basi seva moja inahema huku mbili zimelala. Kukiwa na proksi nyingine (seva ya kupitishia maombi) mbele ya nginx, nawe hujaweka set_real_ip_from na real_ip_header ili nginx ijue anwani halisi ya mteja, ndiyo kabisa: mji mzima unaonekana umetoka nyumba moja.

«Basi kuki», yaani alama ndogo ambayo mteja hupewa airudishe kwa kila ombi. Afadhali. Kwenye HAProxy, mgawaji mwingine wa maombi:

cookie SRV insert indirect nocache
server a1 10.0.0.11:8080 check cookie a1
server a2 10.0.0.12:8080 check cookie a2

Ukisahau «cookie a1» mwishoni mwa mstari wa seva, seva hiyo haimfungi mtu, na hutaona kosa lolote kwenye logi.

Lakini programu ya simu si kivinjari! OkHttp, maktaba ya kutuma maombi kwenye Android, usipoipa CookieJar (chombo cha kutunza kuki) hutupa kuki zote. Maktaba ya requests ya Python bila Session(), vilevile. Kila ombi huingia kama mgeni, na msimbo wako ukiita getSession() kwenye Tomcat, seva ya programu za Java, kila ombi linazaa sesheni ya dakika 30. Kumbukumbu ikijaa, Java ndiyo inayotukanwa. Piga curl -i (amri ya kutuma ombi na kuona vichwa vya jibu) mara tano uone Set-Cookie, yaani kuki mpya, kila mara. Rudia na -c kuki.txt -b kuki.txt ili kuki ihifadhiwe na kurudishwa, itatokea mara moja kisha inyamaze.

Seva ikifa, kuki haifufui sesheni. Roy Fielding, aliyebuni mtindo wa REST, alishasema mwaka 2000: ombi libebe lenyewe kila kinachohitajika ili lieleweke. Kwa hiyo utambulisho kwenye tokeni (hati ndogo anayoibeba mteja), kikapu kwenye hifadhi ya pamoja kama PostgreSQL au Redis, na seva yoyote ijibu.

Kumfunga mteja kwenye seva moja nakubakiza kwa kuharakisha kashe (nakala za karibu) tu: balance hdr(X-Mteja) pamoja na hash-type consistent. Bila huo wa pili, kutoka seva tatu kwenda nne kunahamisha karibu robo tatu ya wateja.

Tokeni nayo ina kidonda. Ikiibiwa, inafanya kazi mpaka muda wake uishe, isipokuwa seva zote zisome orodha moja ya zilizofutwa; na orodha hiyo ni sesheni ileile, imeingia kwa dirisha. Mimi tokeni naipa dakika 15 na siridhiki.