Tertullian hakusema "naamini kwa sababu ni upuuzi"

Kila mjadala wa imani na akili ukipamba moto, kuna anayemtaja Tertullian wa Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, mwandishi Mkristo wa karne ya 2 na ya 3: eti alisema, "Naamini kwa sababu ni upuuzi." Maneno hayo hayamo katika maandishi yake.

Alichoandika ni hiki. Akiwajibu wafuasi wa Marcion, mwalimu wa karne ya 2 aliyetengwa na kanisa, waliokana kwamba Kristo alikuwa na mwili wa nyama na damu, alisema kuwa kifo cha Mwana wa Mungu chasadikika kwa sababu hakiingii akilini, na kufufuka kwake ni hakika kwa kuwa hakuwezekani. Hiyo ni hoja, tena ya mtu aliyesomea ubishi wa mahakamani: nani angetunga habari ya aibu namna hiyo? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye ana hoja inayofanana nayo katika kitabu chake cha ufasaha.

Ni kweli Tertullian aliuliza kwa ukali Athene ina nini na Yerusalemu, yaani falsafa ina uhusiano gani na imani. Lakini alipoandika kuhusu roho alichota kwa Wastoa, kundi la wanafalsafa wa kale wasio Wakristo, akamwita Seneca, mwanafalsafa mpagani, "mara nyingi ni wetu".