Kemikali kugusa homoni ni jambo moja, kudhuru ni jingine

Kazi yangu ya mwanzo kwenye maabara ya sumu ilikuwa kupima mifuko ya uzazi ya panya. Panya jike ambaye hajapevuka ana estrojeni, homoni ya kike, kidogo sana, kwa hiyo mfuko wake ni mwembamba kama uzi, uzito wake makumi machache ya miligramu. Unampa kemikali unayoishuku siku tatu mfululizo, kesho yake unautoa mfuko, unabandua mafuta yaliyoushikilia, unaupima. Kisha unautoboa, unaukandamiza polepole kwenye karatasi ya chujio yenye unyevu hadi maji ya ndani yatoke, na unaupima tena. Kama kemikali inaigiza estrojeni, mfuko umenenepa. Ukisahau kipande cha mafuta, umeisingizia.

Hata chakula cha panya kina maneno yake. Soya ina viini vinavyofanana na estrojeni. Ikizidi, mifuko ya panya wote hunenepa, hata wale ambao hawakupewa kitu, na tofauti uliyokuwa ukiitafuta inapotea.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Boston, Ana Soto na Carlos Sonnenschein walikuwa wakikuza seli za saratani ya matiti ambazo huongezeka zikipata estrojeni. Ghafla zikawa zinaongezeka bila kupewa. Walihangaika kukagua kila kitu hadi wakafika kwenye mirija ya plastiki waliyokuwa wakiitumia: ilikuwa ikivujisha nonilifenoli, kemikali inayoigiza estrojeni. Matokeo yao yalitoka mwaka 1991, na hadi leo mimi hushuku vyombo kabla sijashuku kemikali.

Lakini seli kuongezeka kwenye sahani, au mfuko wa panya kunenepa, hakutoshi kuhukumu. Ili kemikali iitwe kivurugaji cha homoni, kwa ufafanuzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2002, lazima nioneshe mambo matatu: kuna dhara kwa kiumbe mzima au kizazi chake, kemikali inabadili utendaji wa homoni, na dhara hilo linatokana na badiliko hilo. La tatu ndilo linalotutoa jasho. Panya aliyepewa dozi kubwa mno huacha kula, hukonda, na mzunguko wake wa uzazi huvurugika. Homoni zimeyumba kweli, ila chanzo ni njaa.

Na kuna suala la wakati. Dawa ya DES, estrojeni iliyotengenezwa maabara mwaka 1938, walipewa wajawazito kwa miaka mingi ili mimba zisiharibike. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakaripoti saratani adimu ya uke kwa wasichana ambao mama zao waliimeza wakiwa na mimba yao. Ungewapima akina mama peke yao, usingeiona. Ndiyo maana siridhiki na jaribio lisilogusa mimba na watoto wanaozaliwa.

Mwaka 2023 EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, ilishusha kiwango cha bisifenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki na utando wa ndani wa makopo, ambacho mtu anaweza kumeza kila siku bila wasiwasi kutoka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wake hadi nanogramu 0.2, yaani mara 20,000. Msingi wake ulikuwa aina fulani ya seli za kinga zilizoongezeka kwa panya. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ilikataa: seli kuongezeka bado si ugonjwa. Yenyewe ikashika upungufu wa mbegu za kiume, ikapata kiwango kilicho mara 1,000 ya kile cha EFSA. Kwa maoni yangu BfR walikuwa na haki ya kuuliza dhara liko wapi, lakini kwa kitu kinachomfikia mtoto tumboni, nisingengoja ugonjwa uonekane. Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku bisifenoli A kwenye vifaa vinavyogusa chakula Desemba 2024.

Sasa nikiona kopo limeandikwa halina bisifenoli A, nauliza wameweka nini badala yake. Mara nyingi mbadala ni ndugu yake, kama bisifenoli S iliyoingia kwenye karatasi za risiti, nayo pia hushika kipokezi cha estrojeni, yaani sehemu ya seli inayopokea homoni hiyo. Kwake inabidi tuanze upya: seli, panya, mimba, watoto.